Dawa Isiyoweza Kungoja

Kaka yangu amevua ndagala katika Ziwa Tanganyika tangu akiwa kijana wa miaka 15. Kungoja ndiyo kazi yake. Hungoja usiku wa giza urudi, hungoja upepo utulie, hungoja samaki wapande kuifuata taa. Kwa hiyo tulipoambiwa Nairobi kwamba tufike hospitali saa mbili kamili asubuhi, wala si saa mbili na robo, kwa kuwa dawa yake haiwezi kungoja, alinigeukia akaniuliza, "Dawa gani hiyo, mdogo wangu, isiyoweza kungoja robo saa?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimefundisha miaka 26 hapa Bujumbura, na kila mwaka nimeandika ubaoni neno positroni, wanafunzi wakalinakili, nikalifuta kwa kitambaa nikaendelea na somo. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja positroni zingetoka katika mwili wa mtoto wa mama yangu. Jibu la swali lake nilimpa vipande vipande kwa siku tatu, kwenye mabenchi ya hospitali na katika chumba chetu cha kulala wageni. Nataka kulitoa lote hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Ugonjwa ulianza kwa uvimbe shingoni, chini ya sikio la kushoto. Kwa miezi kadhaa alitibiwa kifua kikuu. Uvimbe haukupungua, jasho la usiku likamzidi, suruali zikaanza kumvuka. Mwishowe kipande cha tezi kilikatwa kikapimwa, ikaonekana ni limfoma ya Hodgkin, kansa ya tezi za kinga. Ni kansa inayotibika kuliko nyingi, na hilo nililishika kwa mikono miwili. Akaanza kemo, dawa nne kwa mpigo. Baada ya mizunguko miwili daktari alituambia, "Sasa lazima tujue kama moto umezimika au umejificha. Skana ya kawaida itanionyesha uvimbe uliobaki, lakini haitaniambia kama uvimbe huo ungali hai au ni kovu tu." Akaandika kwenye karatasi herufi tatu: PET.

Kipimo hicho Bujumbura hakipo. Kwetu Afrika Mashariki, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ndiyo iliyotangulia, mwaka 2018. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pembezoni mwa jiji hilo hilo, ikafuata miaka michache baadaye, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ya Dar es Salaam nayo ikajijengea mtambo wake. Kaka aliuza injini ya boti yake. Tukapanda ndege.

Nianze na taa, kwa sababu hapo ndipo yeye alipoelewa. Ukipanda mlimani Kiriri, juu ya Bujumbura, usiku wa giza ukatazama ziwani, huoni mtumbwi hata mmoja. Unaona taa. Zimetawanyika majini mpaka karibu na milima ya Kongo, na ukizihesabu umehesabu wavuvi walio kazini. Mitumbwi iliyolazwa ufukweni iko palepale, ila haiwaki, kwa hiyo usiku haimo katika hesabu yako. Asubuhi ni kinyume: unaona mitumbwi yote, lakini huwezi kujua upi ulifanya kazi na upi ulilala. Skana ya kawaida, ile ya CT, ni ziwa la asubuhi. PET ni ziwa la usiku. Haiulizi umbo la kitu, inauliza ni nani anayechoma mafuta.

Mafuta ya mwili ni sukari. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za kansa hula glukosi kwa pupa kuliko jirani zake. Miaka mingi baadaye wanakemia wakatengeneza sukari yenye kasoro ndogo ya makusudi: tawi moja la glukosi limeondolewa na mahali pake ikawekwa atomu ya florini. Inaitwa FDG. Seli huimeza ikidhani ni chakula chake cha kila siku, inaipiga muhuri wa kwanza wa kuichoma, halafu hatua ya pili inashindikana. Sukari hiyo haiwezi kuendelea mbele wala kurudi nje kwa urahisi. Inabaki imenaswa, na kadiri seli ilivyo na njaa ndivyo inavyojirundikia.

Sasa kinachoifanya sukari hiyo iwake ni florini yenyewe. Florini ya kawaida, ile ya dawa ya meno, ina uzito wa 19 na imetulia. Hii ina uzito wa 18, na haina utulivu hata kidogo. Kiini chake kina protoni nyingi kuliko kinavyoweza kubeba. Wakati wowote protoni moja hugeuka nyutroni, na kiini kikarusha positroni, ambayo ni pacha wa elektroni mwenye chaji kinyume. Carl Anderson alikuwa wa kwanza kuitambua alama ya positroni mwaka 1932 huko California. Miaka miwili baadaye Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot, mjini Paris, walipiga bamba la alumini kwa miale wakapata fosforasi iliyotoa positroni na kufifia baada ya dakika chache tu. Huo ulikuwa mwanzo wa binadamu kuziumba atomu zenye mionzi kwa mikono yake, na kila mgonjwa anayelala ndani ya mashine ya PET leo anategemea kazi ya wawili hao.

Kufifia huko ndiko kulikokuwa kiini cha swali la kaka. Florini-18 ina nusu-uhai wa dakika 110. Maana yake: ukiwa na kikombe cha dawa saa kumi alfajiri, karibu saa kumi na mbili asubuhi nusu yake imekwisha, na kabla ya saa mbili imebaki robo, hata kama hakuna aliyeigusa. Barafu haisaidii. Chumvi haisaidii, wala kukausha juani. Kaka, ambaye amepambana na samaki wa kuoza maisha yake yote, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo wauzaji wake hawana ghala." Hawana. Na florini ndiyo mvumilivu katika ukoo wake. Kaboni-11 ina nusu-uhai wa dakika 20, naitrojeni-13 dakika 10, oksijeni-15 dakika mbili tu. Hizo lazima zitengenezwe katika jengo lilelile alimolala mgonjwa.

Mtambo unaozitengeneza unaitwa saiklotroni, kitu alichokibuni Ernest Lawrence huko Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Cha kwanza kilienea kiganjani. Cha hospitali leo kina uzito wa tani nyingi na hukaa nyuma ya kuta nene za zege. Ndani yake, atomu za hidrojeni zilizopewa chaji huzungushwa kati ya sumaku mbili kubwa. Kila nusu mzunguko zinasukumwa na umeme, mwendo unakua, duara linapanuka, hadi zinapofika ukingoni zikiwa na kasi ya kutisha. Hapo huvuliwa elektroni zao, zikabaki protoni tupu, zikaelekezwa kwenye kikopo kidogo cha maji. Naam, maji, tena mililita mbili tatu tu. Ila si maji ya bomba. Katika maji ya ziwa letu, atomu za oksijeni zenye uzito wa 18 ni kama mbili katika kila elfu moja. Ya kwenye kikopo yamechujwa mpaka karibu yote yawe hizo, na bei yake inashinda ya manukato. Protoni ikiingia ndani ya oksijeni hiyo, nyutroni inatoka, na oksijeni inakuwa florini-18.

Baada ya saa moja au mbili za kupigwa, maji hayo husukumwa kwa gesi katika mrija mwembamba hadi kwenye kabati la risasi. Hakuna mkono wa mtu unaoingia mle, mashine ndiyo inayopika. Florini inanaswa, inakaushwa, inaunganishwa na sukari kwa njia iliyobuniwa Jülich, Ujerumani, mwaka 1986, na baada ya takriban nusu saa chupa moja ndogo inatoka. Kisha huja mfamasia, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika jengo hilo. Anapima kama ni safi, kama uchachu wake unafaa damu ya mtu, kama hakuna kemikali iliyobaki. Anafanya haraka, na hana ruhusa ya kufumba jicho.

Siku ya kwanza dawa ya kaka haikupita. Alikuwa amelala na njaa kama alivyoagizwa, tumefika saa mbili kasoro dakika kumi, na kijana mmoja mwenye koti jeupe akatoka akamwinamia. "Mzee, tusamehe. Dawa ya leo imetengenezwa lakini haikufaulu ukaguzi. Hatuwezi kukuchoma kitu tusichokiamini. Tafadhali rudini kesho." Wengine pale kwenye benchi walikasirika, na siwalaumu. Mama mmoja alikuwa ametoka mbali na mtoto. Lakini mimi niliondoka nikiwa na heshima zaidi kwa watu wale. Walikuwa wameamka usiku wa manane kutengeneza kitu ambacho jioni hakingekuwapo tena, wakakimwaga.

Kesho yake ikapita. Wakampima kwanza sukari ya damu, kwa sababu sukari ya kawaida ikijaa katika damu, ile ya kipimo hukosa nafasi ya kuingia ndani ya seli. Wakamchoma sindano iliyofunikwa kwa chuma kizito, wakamlaza chumba cha peke yake chenye joto la kutosha, wakamwambia asizungumze, asitembee, asichezee simu. Misuli inayofanya kazi nayo hula sukari, na mwili unaohisi baridi huwasha mafuta fulani ya shingoni ambayo yanaweza kumdanganya daktari. Akalala saa nzima akitazama dari. Nilifanya hesabu kwenye bahasha nikingoja nje: florini yote iliyoingia mwilini mwake ilikuwa na uzito kama wa sehemu moja ya kumi ya bilioni ya gramu. Huwezi kuiona kwa jicho wala kuipima kwa mzani. Lakini kila sekunde, mamia ya mamilioni ya atomu zake zilikuwa zinavunjika.

Mashine inazionaje? Kaka aliniuliza hilo jioni, na nilimjibu kwa mtaa wetu. Buyenzi imepangwa kwa avenyu zilizonyooka, kila moja na namba yake. Tuseme watoto wawili wametoka katika nyumba moja wakapeana mgongo, wakakimbia kwa mbio zinazolingana, mmoja kuelekea mwisho huu wa avenyu na mwingine mwisho ule. Ukiweka walinzi miisho yote, na wawili kati yao wakapiga filimbi karibu kwa wakati mmoja, umejua kwamba nyumba iko mahali fulani kwenye avenyu hiyo. Jozi nyingine ikitoka nyumba ileile kwa njia inayoikata avenyu, mistari miwili inakutana mlangoni.

Ndivyo inavyokuwa mwilini. Positroni haifiki mbali. Ndani ya milimita moja hivi inakutana na elektroni, na zote mbili zinatoweka, maada yote inageuka miale. Miale hiyo ni miwili, yenye nguvu sawa, na inakimbia pande zinazoelekeana kinyume. Mgonjwa amelala ndani ya pete ya maelfu ya fuwele ndogo, na mashine inakubali tu jozi zilizofika ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde. Mwale uliofika peke yake unatupwa. Kompyuta inachora mamilioni ya mistari, na mahali mistari inaposongamana ndipo sukari iliporundikana. Katika mashine nyingi fuwele hizo zina lutesiamu, moja ya madini adimu. Vilima vyetu vya Gakara, kusini mwa Bujumbura, vina madini ya ukoo huo, ingawa zaidi ni ndugu zake wepesi. Nilipomwambia kaka, alifurahi kuliko nilivyotegemea.

Jambo moja lazima niliseme kwa msisitizo, kwa ajili ya watu wa kwetu. Taa ya usiku si lazima iwe ya mvuvi. Ubongo huwaka siku zote kwa kuwa unakula sukari mchana na usiku. Moyo unaweza kuwaka. Kibofu huwaka kwa sababu dawa inatoka na mkojo. Na kifua kikuu huwaka vikali, kwa kuwa seli za kinga zilizo vitani nazo zina njaa. Tunaishi katika nchi za kifua kikuu. Kama umewahi kukiugua, au umekaa na mgonjwa wake, mwambie daktari kabla hajasoma picha. Kipimo hiki hakitoi hukumu peke yake. Kinaonyesha mahali pa kuchunguza.

Wapo pia wanaoogopa mionzi. Dawa yenyewe humpa mgonjwa kiasi kinachokaribia kile ambacho ardhi na anga humpa mtu kwa miaka miwili au mitatu, na picha ya CT inayopigwa pamoja nayo huongeza juu yake. Kwa mtu mwenye kansa ni gharama inayokubalika, ila si kipimo cha kufanya kwa udadisi. Siku ile kaka aliambiwa anywe maji mengi na asimpakate mtoto mchanga hadi usiku. Kulipokucha, kati ya atomu elfu kadhaa zilizoingia ilikuwa imebaki moja. Nyingine zote zilikuwa zimerudi kuwa oksijeni-18, kitu kilekile kilichokuwa katika maji ya kikopo.

Majibu yalitoka siku iliyofuata. Mwaka 2009 wataalamu wa limfoma walikutana Deauville, mji wa pwani ya Ufaransa, wakakubaliana alama tano za kusoma picha hizi. Wanalinganisha uvimbe na damu ya kifuani na ini la mgonjwa mwenyewe. Moja ni giza kabisa, tano ni moto unaowaka kuliko ini kwa mbali. Kaka alipata mbili. Uvimbe wa shingoni ulikuwapo bado, ungeweza kuushika kwa kidole, lakini ulikuwa mtumbwi usio na taa. Kwa sababu hiyo daktari aliiondoa dawa moja kati ya nne, ile inayoweza kuumiza mapafu, akifuata utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016. Mapafu ya mvuvi yalinusurika kwa picha moja.

Tuliporudi, swali lilibaki kwangu: je, dawa hii haiwezi kuja Bujumbura? Inaweza kupanda ndege. Agosti 1976, mara ya kwanza FDG kuingia mwilini mwa binadamu, ilipikwa Brookhaven karibu na New York na kupelekwa haraka Philadelphia, ambako daktari Abass Alavi alikuwa akiingoja. Tuhesabu basi. Kutoka chupani Nairobi hadi mkononi mwa mgonjwa wa Bujumbura, ukijumlisha magari, ukaguzi, ndege na karatasi, tuseme ni saa tano na nusu. Hizo ni nusu-uhai tatu. Inayobaki ni moja ya nane. Kupima watu watano hapa, Nairobi lazima ipike ya watu arobaini. Ni ghali, lakini inawezekana, mradi ndege isichelewe.

Njia nyingine inanivutia zaidi, na wenye kazi yao huiita ng'ombe. Ni kopo dogo lenye jemaniamu-68, ambayo nusu-uhai wake ni siku 271, kwa hiyo inaweza kusafiri bila haraka. Polepole inazaa galiamu-68, ambayo hutoa positroni na ina nusu-uhai wa dakika 68. Asubuhi unapitisha asidi hafifu, unaikama galiamu. Baada ya saa nne hivi kiwele kimejaa tena, unakama mara ya pili. Ng'ombe mmoja hukamwa karibu mwaka mzima. Hahitaji saiklotroni wala kuta za zege. Asingemsaidia kaka yangu, maana galiamu haichukui nafasi ya sukari ile kwa limfoma. Lakini ikiunganishwa na molekuli inayofaa, inaonyesha kansa ya tezi dume ilikotawanyika, na hiyo ni kati ya kansa zinazowapata wanaume wa Afrika zaidi. Warundi ni watu wa ng'ombe. Huyu tunamweza.

Ila ng'ombe bila kamera ni maziwa yanayomwagika chini. Kamera kwanza, na kabla ya kamera, watu. Ninawaomba wanaopanga masomo ya vijana wetu: mpelekeni mmoja akasomee ufamasia wa dawa za mionzi, mmoja fizikia ya tiba, mmoja ufundi wa kamera, na daktari mmoja wa kusoma picha. Nairobi na Dar es Salaam sasa kuna mahali pa kuwaweka mikononi mwa waliotangulia. Darasani kwangu mwaka huu kuna msichana anayekaa dawati la mbele, ambaye nilipochora ile jozi ya miale ubaoni aliniuliza kwa nini isiwe mmoja. Nilimjibu kwamba lazima mizani ya mwendo ilingane. Hakunakili tu, alirudia hesabu mwenyewe. Yuko tayari.